Picha ya Duma na Daftari la Majina

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini bila shaka haikutungwa katika mbuga ya Maasai Mara. Huko macho mawili mazima hutazama nyika pana yasione chochote ila nyasi na anga, hadi mwenyeji anaponyosha kidole na kutaja jina. Na jina likishatajwa, mnyama aliyekuwapo muda wote hujitokeza wazi. Hayo ndiyo yaliyompata mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Nairobi na mwanagenzi wa Kiswahili kwa kupenda, alipoingia mbugani humo kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti, kamera ya kuazima ikiwa shingoni na daftari jipya likiwa mkononi.

Chanzo cha safari yake kilikuwa darasani. Siku moja mhadhiri wa isimu alikuwa akifafanua uhusiano uliopo kati ya lugha na mazingira, akaonyesha picha ya mnyama mwenye rangi ya kahawia iliyoiva, mapaja yenye mabaka meusi, na miguu ya manjano kana kwamba amevaa soksi. Akauliza jina lake kwa Kiswahili. Darasa zima lilinyamaza jii! Mmoja akabahatisha kuwa ni swala. Wa pili akasema ni paa. Wa tatu akataja topi, jina atumialo Mwingereza, na kuongeza kwamba Kiswahili hakina neno la mnyama huyo. Mhadhiri hakukasirika. Aliandika ubaoni neno moja tu, nyamera, kisha akasema kwamba lugha huanza kudhoofika pale wasemaji wake wanapovipa vitu mia jina moja.

Mwanafunzi huyu aliona haya kuliko wenzake. Mjomba wake, kaka wa toka nitoke wa mama yake, alikuwa dereva na mwongozaji wa watalii kwa zaidi ya miaka ishirini. Sehemu kubwa ya karo iliyomfikisha chuoni ilitoka mfukoni mwa mjomba huyo, na mfukoni humo fedha ziliingia kwa sababu ya nyamera na wenzake. Alikuwa amelishwa na kusomeshwa na wanyama asioweza hata kuwataja majina! Likizo ilipowadia, alimwomba mjomba amchukue. Mjomba naye aliwaomba radhi wageni wake, mume na mke waliotoka Ulaya, nao wakakubali kijana akae kiti cha mbele kwa siku tatu, maadamu angesaidia kubeba mikoba yao na vikapu vya chakula cha mchana.

Siku ya kwanza daftari lilifanya kazi kuliko kamera. Kabla ya jua kupanda sana, kijana alikuwa ameandika majina kumi na saba. Alimwona nyamera amesimama juu ya kichuguu kama askari wa zamu, na karibu naye kongoni, mwenye uso mrefu na pembe zilizopinda kama mabano. Mjomba alimfunza kwamba neno kongoni halikubaki Uswahilini; Waingereza waliofika huku walilichukua na kulitumia kama lilivyo. Alimwona pofu, mkubwa kuliko swala wote, na gari lilipozimwa alisikia magoti ya fahali mmoja yakialika kila alipopiga hatua. Aliwaona kuro, tohe, ngiri waliokimbia mikia ikiwa wima, na mumbi, ndege mweusi mwenye koo jekundu ambaye hupenda kutembea kuliko kuruka. Aliwaona pia swala wadogo wenye mstari mweusi ubavuni, ambao mjomba aliwaita swala tomi. Kijana akachekelea alipogundua kwamba tomi huyo ni Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti aliyepita Umaasaini mwaka 1883. Kumbe majina nayo husafiri, tena huenda na kurudi! Kongoni alikwenda Uingereza, Thomson akabaki Mara.

Kamusi alizozipekua chuoni zilikuwa zimewaeleza wengi wa wanyama hao kwa maneno yanayokaribiana: mnyama wa mwituni afananaye na swala. Mjomba, ambaye elimu yake ilikomea kidato cha nne, alimpambanua kila mmoja kwa mwendo, sauti, chakula na hofu yake. Alijua ni nani hula majani marefu na nani hungoja yafupishwe na wengine. Alijua kwamba nyumbu, ambao zaidi ya milioni moja huzunguka kila mwaka kati ya Serengeti na Mara wakifuata mvua na malisho, hawana kiongozi mmoja anayewaamuru kuvuka mto.

Kilichomvutia kijana zaidi kilikuwa sauti iliyotoka katika redio ya gari. Madereva waliarifiana kwa Kiswahili mahali wanyama walipoonekana, lakini mazungumzo hayo yalimpiga chenga. Mmoja alisema amepata Sharubu wawili karibu na mto. Mwingine akauliza kama Masikio bado wapo kinamasini. Wa tatu akasema Madoadoa amelala. Mjomba alitabasamu na kumfafanulia: Sharubu ni simba dume, Masikio ni ndovu, na Madoadoa ni duma. Sababu ya mafumbo hayo ilikuwa nyepesi. Tangu filamu ya The Lion King ilipotoka mwaka 1994, hakuna mgeni asiyelijua neno simba. Akilisikia redioni hataki kusikia lingine, na gari likifika simba ameondoka, lawama humwangukia dereva. Ndipo lugha ya kazi ikajitungia majina yake. Kijana, aliyekuwa amesoma kuhusu sajili vitabuni kwa mifano ya hospitali, mahakama na bunge, alitambua kwamba hapo alikuwa na sajili hai ambayo hakuwahi kuikuta katika kitabu chochote cha darasani. Aliandika pia kwamba jina la Mara lenyewe, kwa lugha ya Kimaasai, lina maana ya madoadoa, kwa jinsi vichaka na miti ilivyotawanyika juu ya nyika. Hivyo duma na mbuga wana jina moja.

Adhuhuri, wageni walipopumzika chini ya mgunga, kijana aliyatafakari mambo mengine ya lugha. Kitenzi piga kina kazi chungu nzima katika Kiswahili: watu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga mbizi, hupiga kambi. Hata hivyo, katika nyika kama ile kazi zake mbili zilimgutusha: kupiga risasi na kupiga picha. Kiingereza nacho hutumia kitenzi kimoja kwa bunduki na kwa kamera. Na kweli zana hizo mbili ziliingia Afrika Mashariki zikiwa zimeshikana mikono. Mnamo 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha kitabu chenye picha alizowapiga wanyama usiku katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na jina alilokipa liliitaja taa ya kamera na bunduki kwa pamoja. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, mpiga picha wa msafara. Kwa hesabu waliyoitoa wenyewe, wanyama waliouawa kwa bunduki za wawili hao walikuwa 512. Hata orodha ya wanyama wakubwa watano ambayo kila mgeni huja nayo, yaani simba, ndovu, nyati, kifaru na chui, haikutungwa na watazamaji. Ilitungwa na wawindaji, na kipimo chao kilikuwa ugumu na hatari ya kumwinda mnyama kwa miguu.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji huo mwaka 1977. Bunduki ikawekwa chini, kamera ikabaki. Tangu hapo imesemwa mara nyingi kwamba kamera haidhuru, kwamba mpiga picha huondoka na kivuli tu na kumwacha mnyama na uhai wake. Kijana aliyaamini maneno hayo, na jioni ile alilala akiwaza picha moja tu ambayo angeionyesha darasani: picha ya duma.

Asubuhi ya pili, muda mfupi baada ya saa moja, mjomba alisimamisha gari ghafla mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mbele yao kundi la swala tomi lilikuwa limeacha kula, na vichwa vyote vimeelekea upande mmoja.

"Usimtafute duma, mpwa wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Tafuta wanaomwogopa, watakuonyesha."

Ilimchukua kijana muda mrefu kumwona. Duma jike alikuwa ameketi kando ya kichuguu, rangi yake ikiwa imekwisha kulingana na ile ya nyasi. Nyuma yake, katika majani marefu kidogo, vilionekana vichwa vitatu vidogo. Watoto ambao bado walikuwa na manyoya ya kijivu mgongoni, ishara kwamba umri wao haukuzidi miezi michache. Mjomba alizima injini. Hakuigusa redio. Aliwaeleza wageni, kisha akamweleza mpwa wake kwa Kiswahili, kwamba mama huyo ana njaa na anajiandaa. Duma huwinda mchana, aghalabu ili kuwakwepa simba na fisi, ambao humpokonya windo na kuwaua wanawe. Ndiyo maana saa zake za kazi ni saa zile zile za watalii. Hana budi kunyemelea hadi karibu kabisa, kwa kuwa mbio zake kali hazidumu ila kwa mita mia chache tu. Akishindwa, sharti apumzike kabla ya kujaribu tena, na watoto wangali wanangoja.

Kijana aliinua kamera. Katika kioo chake duma alikuwa mdogo kama punje ya mtama. Hapo maneno yalimponyoka, naye angeyakumbuka baadaye kwa haya kuu.

"Mjomba, tusogee kidogo. Nipate picha moja tu."

"Moja tu ndiyo kila mtu anayoitaka," mjomba alijibu, bila ukali, wala hakuligusa gari.

Duma alikuwa ameinama na kuanza kutambaa, mabega yakipanda na kushuka polepole, wakati gari jingine lilipopita nyuma yao. Dereva wake aliona walikotazama. Haukupita muda redio ikamtaja Madoadoa na mahali alipo, na simu za mkononi bila shaka zikafanya vivyo hivyo. Baada ya robo saa kijana alihesabu magari kumi na manne. Kanuni za hifadhi haziruhusu zaidi ya magari matano kumkaribia mnyama wa aina hiyo kwa wakati mmoja, wala hazimruhusu dereva kuiacha njia; lakini mgambo hakuwa karibu, na kila dereva alikuwa na mgeni nyuma yake aliyesimama juu ya kiti. Magari mawili yaliacha njia. Moja lilipita katikati ya duma na swala ili mwenye kamera ampate kwa mbele, mwanga wa asubuhi ukiwa usoni mwake. Swala mmoja alikoroma, wakaruka wote pamoja. Duma alitoka mbio, akaenda hatua kadhaa, akasita, akasimama huku anahema. Kamera ziliita kwa pamoja kama mvua juu ya mabati.

Ndipo jambo la pili likatokea, ambalo huenda hakuna picha iliyolinasa. Duma aligeuka kuwarudia wanawe akakuta magari yamesimama baina yake na wao. Aliwaita. Sauti yake haikuwa ngurumo; ilikuwa mlio mwembamba kama wa ndege. Watoto hawakutoka. Alizunguka upande wa kushoto, gari moja likasogea. Akazunguka wa kulia. Mjomba aliwasha injini, akarudi nyuma taratibu, akaondoka.

Bwana mgeni aliuliza kwa nini wanaondoka wakati mnyama ndiyo kwanza amefika karibu. Mjomba alimweleza kwa adabu. Mgeni akasema amelipa fedha nyingi. Hilo nalo halikuwa uongo: tangu mwaka 2024, ada ya kuingia humo kwa mgeni asiye mkazi ilifikia dola 200 kwa siku katika msimu wa Julai hadi Disemba, mbali na ndege, gari na malazi. Mtu aliyelipa kiasi hicho huona kwamba picha ni haki yake, na dereva ategemeaye bahasha ya mwisho wa safari huona vigumu kumwambia la. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema ni nani aponaye iwapo wenyeji ni wawili, dereva na duma, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwenziwe.

Usiku, walipokuwa wakinywa chai nyuma ya jiko la kambi, mjomba alimwambia mpwa wake jambo ambalo hakuwa amelisema nyumbani. Naye, katika miaka yake ya mwanzo, alikuwa miongoni mwa wepesi wa kufika. Kulikuwa na duma jike mwenye watoto wanne ambaye kila siku alizungukwa na magari, na gari lake lilikuwamo. Wiki zilivyopita watoto wakawa watatu, kisha mmoja, kisha mama akaonekana peke yake. Hakuwa na hakika ya kilichowaua. Simba na fisi huwaua watoto wa duma hata pasipo na gari lolote. Lakini mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa mwanasayansi Femke Broekhuis uliofanywa huko huko Mara. Ulionyesha kwamba katika maeneo yenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kulea hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao, ilhali katika maeneo yenye watalii wachache wastani ulikuwa 2.3. Mjomba alizikariri tarakimu hizo kama mtu akaririye deni.

"Ulipotaka tusogee sikukukasirikia," alisema. "Nilijisikia mwenyewe."

Kijana hakupata usingizi upesi. Aliikumbuka picha iliyosifiwa ulimwenguni, ya Buddhilini de Soyza, iliyopata sifa katika mashindano ya wapiga picha wa wanyamapori mwaka 2021. Inaonyesha duma madume watano wakiogelea katika mto Talek uliofurika Januari 2020. Ni picha ya kutisha na kupendeza. Kundi hilo la madume liliitwa Tano Bora, na maandishi kadhaa ya kigeni yakawaambia wasomaji kwamba maneno hayo ni ya Kimaasai. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili angecheka, kisha angeacha kucheka. Picha ilikuwa imezunguka dunia nzima. Maneno mawili mepesi ya Kiswahili yaliyoandamana nayo yalipotea ukoo njiani, kwa kuwa wenye lugha yao hawakuwapo wakati maelezo yakiandikwa.

Hapo ndipo kamera na daftari, ambavyo alivileta kama vitu viwili tofauti, vilipoungana katika fikira zake. Mjomba hakusogea kwa sababu alimjua duma: njaa yake, pumzi yake, umri wa wanawe. Hakumwona kama doa zuri machungani. Mwenye kujua hivyo huweza kungoja, na mwenye kungoja hupiga picha bila kuwinda. Maarifa hayo yamo katika lugha, tena katika Kiswahili. Yamo katika majina na lakabu zinazorushwa redioni kila asubuhi na kusahauliwa jioni. Vyuo huchambua diwani na riwaya, na ni vyema. Lakini madereva wa umri wa mjomba wanakaribia kustaafu, na hakuna aliyewauliza.

Siku ya tatu waliagana na wageni. Bi mgeni alimshika mjomba mkono kwa muda mrefu na kumshukuru kwa kumweleza habari za duma. Bahasha aliyoiacha mumewe ilikuwa nyembamba. Mjomba aliichungulia, akaitia mfukoni, akasema dizeli nayo imepanda. Hakusema zaidi, na kijana alijua kwamba muhula ujao asimsumbue mapema kuhusu karo.

Chuo kilipofunguliwa, aliwasilisha kazi yake mbele ya darasa: majina arobaini na mawili ya wanyama na ndege, kila moja na maelezo ya mjomba, pamoja na lakabu kumi na moja za redioni. Mwisho alionyesha picha aliyoahidi. Wenzake waliitazama wakaona nyika, kichuguu, na swala kadhaa walioinua vichwa. Wakauliza duma yuko wapi. Aliwaeleza waanze na swala, wafuate macho yao hadi penye kichuguu, kisha washuke kidogo kushoto. Mmoja akamwona, akamwonyesha jirani yake, na darasa zima likawa linanyosheana vidole.

Mhadhiri alikaa nyuma ya darasa akingoja kelele zipungue. Kisha akauliza kama kuna yeyote anayewajua hao swala wanaotazama ni swala gani.

"Ni swala tomi," sauti kadhaa zikajibu.